Chora njia ya gesi kabla ya kutandika peving

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako limekuwa likiandika mara kwa mara kuhusu nishati safi ya kupikia, hasa tangu Mei 2024 ulipozinduliwa Mkakati wa Taifa wenye lengo la kuwafikishia nishati hiyo asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Nimezisoma habari hizo kwa makini, na nyingi zinazungumzia bei ya mtungi, ruzuku na umbali wa kwenda kuujaza. Naomba nafasi nizungumzie jambo dogo kuliko hayo, ambalo hata hivyo linamgusa kila anayejenga nyumba leo: namna gesi inavyosafiri kutoka kwenye mtungi hadi kwenye jiko la uani, na wakati gani njia yake inatakiwa iamuliwe.

Nasema jiko la uani kwa sababu huko ndiko tunakopikia. Ramani nyingi za nyumba nilizowahi kuonyeshwa zina jiko la ndani lenye sinki, makabati na mahali pa friji, na mchoraji akishafika hapo huhesabu kwamba habari ya jiko imekwisha. Mwenye nyumba akishahamia, jiko hilo linabaki kuwa la kuchemshia chai na kupashia kiporo. Makande, maharage, chapati za watu kumi na samaki wa kukaanga ambaye hakuna anayetaka harufu yake ikae kwenye mapazia, vyote vinahamia nyuma ya nyumba, chini ya bati nne zilizoegemezwa kwenye nguzo za mirunda. Mkaa uliivumilia hali hiyo bila shida, kwa kuwa jiko la mkaa hubebwa likawekwa popote penye kivuli. Lakini anayetaka jiko la uani la kudumu, lenye meza ya zege, vichomeo vitatu au vinne na mahali pa kuchomea nyama, anahitaji bomba. Bomba lina njia, na njia hiyo ikishafunikwa na zege au peving haimo tena machoni pa mtu yeyote.

Haya niliyajua kwa gharama yangu mwenyewe, hapa hapa Goba, nikiwa mwalimu wa fizikia ambaye alipaswa kuyajua bila gharama. Bomba langu la kwanza la gesi liliwekwa Jumamosi moja, mafundi wa peving wakiwa wamekwisha kumwaga mchanga na wameketi juu ya matofali yao wakisubiri. Fundi gesi alifika saa nne asubuhi, akaniamkia, akauliza, "Mwalimu, jiko litakaa wapi?" Nikamwonyesha kwa kidole. Akauliza mtungi utakaa wapi, nikamwonyesha tena kwa kidole. Kufikia saa nane mchana bomba la shaba lilikuwa limekwisha kulazwa chini ya mchanga, kina chake hakizidi kiganja cha mkono, likiukata uani mshazari kwa sababu mshazari ndiyo njia iliyokuwa fupi, na kufikia jioni peving ilikuwa imefunika kila kitu na mimi nimekwisha kuwalipa wote wawili.

Miaka miwili baadaye nilimwita kijana wa mtaani anisimikie nguzo ya kivuli. Aling'oa matofali manne ya peving, akachukua mtaimbo, akapiga mara moja, mara ya pili, na mara ya tatu tukasikia mlio kama wa tairi la baiskeli lililochomwa na mwiba, isipokuwa mlio huu haukuisha. Koki pekee iliyokuwapo ilikuwa juu ya mtungi wenyewe, na mtungi ulikuwa upande wa pili wa shimo, hivyo ikanibidi niizunguke nyumba nzima kwa mbele, mwanamke wa miaka 58 mwenye kanga na kandambili, ili nikaufunge. Jiko la mkaa lililokuwa na sufuria ya maharage lilikuwa linawaka hatua kama kumi kutoka hapo, na sababu pekee ya mimi kuweza kuandika barua hii ni kwamba upepo siku ile ulikuwa unaelekea upande mwingine.

Simlaumu kijana yule, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba chini ya miguu yake pana bomba. Hata fundi gesi simlaumu sana, maana alijibu maswali aliyoyauliza na mimi nikayajibu kwa kidole. Kosa lilikuwa kumwita fundi kabla ya kuwa na mchoro, na kosa hilo naliona likirudiwa karibu kila wiki katika nyumba zinazojengwa mtaani kwetu, ambako watu wenye akili timamu hutumia miezi mitatu kuchagua rangi ya vigae vya sebuleni na dakika tatu kuamua gesi itapita wapi.

Nilipoamua kuanza upya sikuanza na bomba. Nilianza na sufuria. Niliandika kwenye daftari ni vyombo gani huwekwa motoni kwa wakati mmoja siku ya kazi nyingi kuliko zote, ambayo kwangu ni siku ya Idi: vichomeo viwili vya kawaida kwa ajili ya mchuzi na kachumbari ya kupika, kimoja kikubwa cha sufuria ya pilau, na sehemu ya kuchomea nyama. Kichomeo cha kawaida kina nguvu ya kilowati 3 hivi, kile kikubwa kilowati 10, na sehemu ya kuchomea nyama niliyoichagua ilikuwa na kilowati 9, hivyo jumla yake ni 25. Kilo moja ya gesi ya mtungi hutoa nishati ya kilowati-saa kama 13, kwa hiyo jiko langu likiwashwa lote linakula karibu kilo mbili kwa saa. Hesabu hiyo ya mistari minne ndiyo inayoamua unene wa bomba, idadi ya mitungi na ukubwa wa regulata, kile kifaa cha kupunguza presha ya gesi, na nashangaa kwamba hakuna fundi aliyewahi kuniuliza hata mstari mmoja kati ya hiyo.

Nieleze kwa nini unene wa bomba una maana, kwa kuwa watu wengi hudhani kwamba gesi ikiwa imefungiwa kwenye mtungi mzito wa chuma basi inatoka kwa nguvu ya kutosha kupita popote. Ndani ya mtungi presha ni kubwa kweli. Lakini regulata kazi yake ni kuipunguza, na gesi inayotoka hapo kwenda kwenye jiko la nyumbani huwa na presha ya milibari 30 hivi, ambayo ni sawa na uzito wa safu ya maji yenye urefu wa sentimita 30. Chukua rula ya shule, isimamishe wima kwenye glasi ndefu ya maji: hiyo ndiyo nguvu yote inayoisukuma gesi yako kutoka kwenye mtungi hadi kwenye pilau. Kila mita ya bomba inakula sehemu kidogo ya nguvu hiyo, na kila elbo, yaani kona ya bomba, inakula kama vile umeongeza kipande kingine cha bomba, kwa hiyo njia ya mita 11 yenye elbo saba na bomba jembamba itawasha kichomeo kimoja vizuri sana siku ya majaribio, kisha siku ya shughuli, vyote vinne vikiwa vimewashwa, moto utakuwa wa kubembeleza.

Mtungi nao una kikomo chake. Gesi hii imo ndani ya mtungi ikiwa kimiminika, na ili igeuke kuwa gesi inahitaji joto, ambalo hulichukua kwenye mtungi wenyewe na hewa inayouzunguka. Ukiitaka itoke kwa kasi kuliko joto linavyoingia, mtungi unapoa. Kwa jirani yangu, kwenye maulidi, niliona mtungi wa kilo 15 ukilazimishwa kupika pilau ya kilo 20 za mchele: ulianza kutoa jasho, jasho likawa umande mzito uliochora mstari pale kimiminika kilipofikia, na moto ukafifia wakati nyama ndiyo kwanza imeanza kulainika. Wapishi wakasema gesi imekwisha, ingawa mtungi ukiutikisa ulisikika kabisa kwamba una kitu ndani. Kijana mmoja akaja na wazo la kusogeza makaa ya moto karibu na mtungi ili upate joto, na namshukuru Mungu kwamba mama mmoja mtu mzima alimfukuza kwa mwiko. Dawa ya hali ile ni mitungi miwili mikubwa iliyounganishwa pamoja, ili kila mmoja utoe nusu, na hilo haliwezekani ikiwa kibanda cha mitungi kimejengwa kwa kipimo cha mtungi mmoja. Narudi pale pale: ni jambo la mchoro.

Kibanda chenyewe ndiko kunakofanyika makosa ninayoyaogopa kuliko yote. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, mara moja na nusu hadi mara mbili, hivyo ikivuja haipai. Inashuka, inatambaa sakafuni kama maji, inatafuta shimo, na shimo la karibu uani kwetu ni chemba ya maji ya jikoni. Kibanda changu cha kwanza kilijengwa vizuri kwa matofali na plasta, kikawekewa mlango wa chuma, na matundu ya hewa yakawekwa juu, karibu na paa, kama ya choo. Kwa gesi ya mtungi hayo ni mapambo. Matundu yanatakiwa yawe chini kabisa, usawa wa sakafu, pande mbili zinazoelekeana, na sakafu ya kibanda isiwe chini kuliko uani. Vilevile mdomo wa chemba au mfereji wowote ulio wazi ukae mbali, mimi nimechukua mita mbili na zaidi kidogo, na nimeweka umbali kama huo kutoka kwenye swichi, soketi, pampu ya maji na dirisha la chini. Mambo hayo yanaonekana mepesi yakiandikwa. Jaribu kuyatafutia nafasi kwenye uani wa mita sita kwa nane ambao tayari una simtanki, kamba za kuanikia nguo, banda la kuku na chemba tatu, ndipo utaelewa kwa nini nasema yachorwe kwenye karatasi wakati bado kuna kitu kinachoweza kusogezwa.

Hapo hapo niwatahadharishe wanaojenga meza ya zege yenye milango ya mbao chini yake ili mtungi ufichwe usiharibu sura. Natambua kwamba mtungi si pambo. Lakini kabati lililofungwa pande zote, lenye mtungi ndani na moto juu yake, ni sanduku la kukusanyia gesi, na gesi hiyo huhitaji kufikia sehemu mbili tu hivi katika mia za hewa ili iweze kushika moto. Anayeng'ang'ania sura na aweke milango ya nondo au matundu makubwa chini kabisa, au auhamishie mtungi nje ya meza na kuleta bomba.

Jambo jingine ambalo halimo kwenye ramani yoyote niliyoiona ni upepo. Wazee wetu wa pwani walijenga majiko yao wakijua kusi inatoka wapi na kaskazi inatoka wapi, kwa sababu moshi wa kuni uliwafundisha. Gesi haina moshi, hivyo tumelisahau somo hilo, wakati ambapo moto wa gesi unazimika kwa upepo kwa urahisi kuliko moto wa kuni, na ukizimika koki ikiwa wazi gesi inaendelea kutoka kimyakimya. Jiko langu jipya lina ukuta wa kifua upande wa kusini mashariki, ambako kusi hutoka kati ya Aprili na Septemba, na kipande kifupi upande wa kaskazini mashariki kwa ajili ya kaskazi. Pande nyingine mbili ziko wazi mpaka chini ili chochote kitakachovuja kipeperushwe. Pia nilikataa jiko lisilo na kile kijiti kidogo cha chuma kando ya kichomeo, ambacho kikipoa baada ya moto kuzimika hukata gesi chenyewe. Muuzaji aliniambia kwamba majiko yenye kijiti hicho ni usumbufu kwa sababu inabidi ushikilie kitufe kwa sekunde chache unapowasha. Nilimwambia sekunde ninazo, nimestaafu.

Kuhusu bomba lenyewe sitasema mengi, kwa kuwa kila fundi ana anachokiamini na baadhi yao wanajua kazi. Bomba la plastiki la manjano ni zuri chini ya ardhi lakini halitakiwi kuonekana juani, hivyo linapotoka ardhini lazima libadilishwe kuwa la chuma au shaba. La shaba likipita chini ya zege au ukutani livalishwe bomba kubwa zaidi la plastiki kama ala, kwa sababu saruji huweza kulila na nyumba ikitulia hulikunja. La chuma lililopakwa zinki, kwa sisi tunaopigwa na hewa ya chumvi, linataka rangi na kuangaliwa kila mwaka, na wa Kigamboni wanajua zaidi yangu jinsi bati na misumari inavyokwisha huko. Ninachokisisitiza ni kwamba pasiwe na kiungio chochote kilichozikwa, kwamba mtaro wake usiwe mmoja na waya wa umeme, na kwamba kina chake kifike nusu mita hivi badala ya kiganja, na juu yake, kabla ya kumalizia kufukia, ulazwe utepe wa plastiki wenye rangi kali ili mtaimbo wa mwaka 2035 ukutane na utepe kwanza.

Koki nimeweka tatu: moja kwenye mitungi, moja mahali bomba linapoinuka karibu na jiko lakini nje ya mkono wa moto, ili mtu asilazimike kupitisha mkono juu ya sufuria inayowaka ndipo afunge, na moja kwenye ukuta wa ubavuni mwa nyumba ninapoweza kuifikia nikitokea mlango wa mbele. Ya tatu iliongeza mita tano za bomba, na fundi alinitazama kama mtu anayechezea pesa. Nilimsimulia habari ya kanga na kandambili, akaifunga bila neno.

Kabla ya kufukia, fundi alitaka kujaribu uvujaji kwa kiberiti. Naandika hili kwa huzuni kwa sababu alikuwa fundi mzuri, mwenye mkono mtulivu na spana zilizopangwa. Alisema ndivyo alivyofundishwa. Nilimwomba aweke kiberiti mfukoni, nikatoa mpira mwembamba unaopitisha mwanga niliokuwa nimeukunja kama herufi U na kuufunga kwenye ubao, nikautia maji yenye wino kidogo. Tulifunga koki zote za jiko, tukaunganisha mpira kwenye bomba, tukasukuma hewa mpaka upande mmoja wa maji ukapanda sentimita 30 juu ya upande wa pili, kisha tukaketi kwenye ndoo zilizopinduliwa na kuangalia. Dakika tano za kwanza maji yalishuka unywele mmoja, kwa kuwa hewa ndani ya bomba ilikuwa bado inapoa. Tukarudisha kipimo, tukasubiri tena. Mara ya pili yalishuka milimita nne, taratibu lakini bila kusimama, na povu la sabuni likatuonyesha kiungio cha elbo ya tano kikitoa vipovu vidogo kama vya samaki. Nati iligeuzwa robo. Mara ya tatu maji yalisimama, na fundi akaniuliza kama anaweza kuuchukua ule ubao wangu. Nilimpa.

Kisha nikapiga picha mtaro mzima ukiwa wazi, futi ya kupimia ikiwa imelazwa kando ya bomba, kila pembe ikionyesha umbali wake kutoka kwenye ukuta wa nyumba na ukuta wa uzio, maana kuta hizo mbili hazihami. Mchoro nimeuweka kwenye bahasha ya nailoni, nikaubandika ndani ya mlango wa kibanda cha mitungi, pamoja na namba 114 ya Zimamoto, ambayo nimegundua kwamba wengi wa wageni wangu hawaijui.

Lipo swali ambalo jirani zangu huniuliza: gesi asilia ikifika mtaani, kazi yote hii si itakuwa ya bure? Swali ni la haki. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974 na imekuwa ikizalisha umeme Ubungo tangu 2004. Bomba kubwa la kutoka Mtwara lilizinduliwa 2015, na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) limekwisha kuunganisha baadhi ya nyumba Mikocheni, Sinza na huko Mtwara kwenyewe. Anayejenga leo kwa matumaini ya kukaa miaka thelathini hana budi kulifikiria hilo. Jibu langu ni kwamba kazi haitakuwa ya bure ikiwa bomba litakalozikwa leo limepimwa kwa ajili ya gesi zote mbili. Mita moja ya ujazo ya gesi asilia ina nishati ndogo kuliko ile ya gesi ya mtungi, hivyo ili sufuria ile ile ichemke kwa muda ule ule inatakiwa ipite gesi nyingi zaidi, mara mbili na nusu hadi tatu, tena mara nyingi kwa presha ndogo zaidi. Bomba jembamba linaloitosha gesi ya mtungi halitaitosha gesi asilia. Kuzika bomba nene zaidi leo kunaongeza gharama ya bomba pekee, wakati kulizika baadaye kunaongeza gharama ya peving, mafundi na wiki mbili za kupikia sebuleni. Siku gesi asilia itakapokuja, nozeli za vichomeo zitabadilishwa, kwa kuwa tundu la gesi moja halifai kwa nyingine, na kibanda cha mitungi kitakuwa stoo ya mkaa wa kumbukumbu. Nimeacha pia kipande cha bomba kilichozibwa upande wa barabarani, kikisubiri. Huenda kikasubiri sana, lakini hakili.

Nikiri pia kwamba si kila uani unahitaji haya. Mwenye jiko la pleti mbili na mtungi wa kilo 15, anayepikia watu watano, anatoshwa na mtungi uliosimama wima mahali penye hewa, regulata nzima, na mpira mfupi usiozidi mita moja na nusu ambao tarehe iliyochapwa juu yake haijapita. Sitaki mtu achimbe uani wake kwa kusoma barua yangu. Nawasema wale ambao tayari wamekwisha kuamua kujenga jiko la kudumu nje, na ambao wiki ijayo au mwezi ujao wataita lori la mchanga.

Kwa hiyo ombi langu linakwenda kwa wachoraji wa ramani na kwa halmashauri zetu zinazotoa vibali vya ujenzi. Ninapotaka umeme, fundi mwenye leseni hutakiwa aonyeshe kazi yake kwenye fomu kabla TANESCO haijanifungulia njia, na sote tumezoea utaratibu huo mpaka hatuuoni tena kuwa mzigo. Kwa gesi ya mtungi, katika mara zote mbili nilizoweka bomba, mimi sikuombwa karatasi yoyote na mtu yeyote, na jirani zangu watano niliowauliza nao hawakuombwa. Sidai fomu yenye kurasa kumi. Naomba ramani ya nyumba inayopelekwa kuombewa kibali iwe na jiko la uani pale ambapo mwenye nyumba analitaka, ionyeshe mitungi itakaa wapi, chemba ziko wapi, njia ya bomba na koki zake, na jumla ya kilowati za vichomeo imeandikwa pembeni. Ni mistari michache kwa penseli, na mchoraji atatakiwa kumuuliza mwenye nyumba, au mke wake, au mama yake, yaani yule hasa atakayesimama pale na mwiko, anapika nini na kwa watu wangapi.

Kwa upande wa gazeti lako, ukurasa wa makazi ungefanya jambo jema kama ungechapisha mchoro wa namna hiyo siku moja, wa uani wa kawaida wa kiwanja cha mita 20 kwa 20, ukiwa na vipimo vinavyosomeka. Mimi niko tayari kuutoa wa kwangu, pamoja na picha za mtaro, na mafundi wapewe nafasi ya kuukosoa. Nina hakika watakuta kosa; elbo saba ni nyingi, na sasa naona kwamba mbili zingeepukika kama simtanki lingesogezwa nusu mita kabla halijajazwa maji.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Goba, Dar es Salaam.